Pareto na Mke Mwenza

Siku tuliyomzika Sekela, kule Ipogolo, niligombana na mtu makaburini. Najua si adabu, na wanangu wameshanisema vya kutosha, lakini sijutii. Binti mmoja wa kwaya, mtoto mzuri tu, aliweka juu ya kaburi shada la maua meupe yenye kitovu cha njano, yale yanayouzwa mjini yakiwa yamefungwa kwa karatasi ya kung'aa, akatangaza kwa sauti ya kanisani: "Tunamwekea bibi yetu pareto, ua alilolipenda maisha yake yote." Nikasema, na sikunong'ona, "Hiyo si pareto." Watu wakageuka. Binti akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia mzee aliyechanganyikiwa na msiba, akanishika mkono, akaniambia, "Bibi, ua ni ua tu." Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na nikasema maneno mengine ambayo mchungaji alijifanya hakuyasikia. Ua ni ua tu! Sekela na mimi tulipokuwa wasichana tulipata kuona jinsi kauli hiyo inavyoweza kumnyang'anya mtu shamba. Niliporudi nyumbani sikulala vizuri, na asubuhi nikamwomba mjukuu wangu anitafutie kalamu inayoandika. Nitaueleza mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya hamsini, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na saba. Mengine ya maisha yangu si ya kumhangaisha mtu.

Mwaka huo ulinikuta Iringa, nikiwa kibarua wa bustani katika nyumba ya mama mmoja wa Kizungu, mjane, aliyekuwa akiishi upande wa juu wa mji. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jiko, kimetenganishwa nalo kwa ukuta wa mbao uliopasuka, kwa hiyo nguo zangu zilinuka moshi na mafuta ya taa, na kila lililosemwa jikoni nililisikia hata nisipotaka. Tulikula ugali na majani ya maboga, na Jumapili mpishi alitutolea mifupa ya nyama ya wageni, tukaiguguna mpaka mbwa wa nyumba akatuonea wivu. Mkuu wangu wa kazi alikuwa Mzee Mgaya, Mhehe mwenye mgongo uliopinda, aliyeitikia salamu zote kwa "kamwene" hata ukimsalimia kwa Kiswahili. Yule mama alikuwa na wazimu wa maua ya aina moja. Alipanda tuta baada ya tuta la maua ya ukoo mmoja, yote yana kitovu cha njano na petali zilizokizunguka, na mgeni angeapa kuwa ni ua lile lile limepandwa mara nyingi. Mzee Mgaya aliyapa majina yake mwenyewe. Lile kubwa, lenye jani zima la kijani kibichi, aliliita Bibi Harusi, kwa sababu kazi yake ni kutazamwa. Lile dogo jeupe, lenye jani lililochanika chanika, ndilo pareto yenyewe, inayoua wadudu. Halafu kulikuwa na la tatu, nalo jani lake limechanika vile vile, ua lake mara jekundu, mara waridi, na mara nyingine, kwa ubaya wake, jeupe kabisa. Hilo aliliita Mke Mwenza.

"Anavaa kama mwenzake, anakaa nyumba moja na mwenzake," alisema, "lakini uchungu wa mwenzake hana. Ukimsaga ukamwagia mende, mende analewa kidogo, kisha anaamka anakwenda zake." Nilimuuliza tutawatofautishaje wakiwa weupe wote wawili. Akanikemea kwa nini naangalia ua. Ua, alisema, ni nguo ya Jumapili, kila mtu anapendeza Jumapili. Wewe angalia jani, hiyo ndiyo nguo ya kazi. Akanichumia majani mawili, akayaweka kiganjani mwangu. La Mke Mwenza lilikuwa kijani safi pande zote, laini, kama jani la karoti. La pareto lilikuwa na rangi ya kijivu, na ukiligeuza chini lilikuwa na manyoya madogo meupe, kama mtu amelipaka majivu. Ukishaliona mara moja huwezi tena kutoliona. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikitembea bustanini nikigeuza majani, mpaka mpishi akaanza kuniita mganga.

Jioni moja yule mama alikuwa na wageni barazani, walowezi wa mashamba ya juu, na Mzee Mgaya, aliyekuwa akiielewa lugha yao kuliko walivyodhani, alikuja jikoni akicheka kicheko kisicho na furaha. Mpishi akamuuliza wanasemaje. "Wanasema habari za pareto," alisema. "Wanasema, Mwafrika usimpe pareto. Kwake ua ni ua. Atakuletea gunia la magugu, aharibu soko la watu." Mpishi akaguna, akaendelea kukoroga mchuzi. Mimi nilikuwa nimeinama nikimenya viazi, na nakumbuka kisu kilisimama. Zilikuwa zimepita siku chache tu tangu dereva wa lori aniletee salamu za Sekela kutoka nyumbani, na salamu zenyewe zilikuwa hivi: njoo, Mama na wenzake wamepanda pareto yao wenyewe. Mwisho wa mwezi nilimuaga yule mama. Aliniuliza kama kuna jambo limeniudhi. Nikamwambia ndiyo, nikachukua kanga zangu, nikaondoka.

Basi lililala njiani kwa ubovu, tukala wali wa Usangu pale Igawa, mtamu kuliko hasira zangu, na siku ya pili nikashuka Uyole na kupanda mlima kwa miguu. Mama Sekela ndiye aliyenilea, na nyumba yake nilikuwa nikiijua gizani: mlango mfupi, meko katikati, ndizi zikichemka na maharage, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu kilichoning'inia. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe waliovuka mto. Yeye na wanawake wengine wa mlimani walikuwa vibarua katika shamba la mlowezi mmoja juu ya Uyole, wakichuma pareto yake tangu ukungu haujaondoka. Waliona jinsi magunia yalivyopakiwa, waliona kwamba udongo wa mlowezi na udongo wao ni ule ule, wakajiuliza swali ambalo mtu mzima lazima ajiulize. Mche hata mmoja haukuruhusiwa kutoka shambani. Mashina ya zamani yalipong'olewa yalichomwa moto mnyapara akisimamia. Basi wanawake waliibeba miche kwenye mbeleko. Kila mama mwenye mtoto mgongoni alitoka getini na mtoto wake, na chini ya mtoto kuna miche imefungwa kwa jani la mgomba, na mtoto akilia kwa kuchomwa na mizizi, mama anambembeleza kwa wimbo. Sekela alinihadithia hayo kitandani, maana tulilala kitanda kimoja, akicheka mpaka anajifunika shuka mdomoni. Wengine wataita wizi. Mimi nauliza ni nani aliyeipalilia ile miche.

Sekela mwenyewe hakufanya kazi kule shambani, na sababu yake niieleze vizuri. Alikuwa amekwisha kuposwa. Ng'ombe wa mwanzo walikuwa wamekwisha kuletwa. Na mchumba wake alikuwa mtoto wa yule yule mnyapara. Kwa desturi yetu Wanyakyusa, mwanamke na baba mkwe wake hawakutani. Hawaangaliani, hawasemezani, hawapiti njia moja. Akimwona kwa mbali, msichana hujitupa porini, ajifunike, angoje apite, na mzee naye akijua mkwewe yuko mahali, haingii. Msichana akivunja mwiko huo anaitwa hana malezi, na ng'ombe wanaweza kurudi walikotoka. Hata jina la mzee hatamki. Sekela hakulitamka mpaka anakufa, na mimi sitalitamka kwa niaba yake, ataitwa Mnyapara.

Asubuhi Mama alinipeleka kuona shamba. Wanawake walikuwa wameng'oa viazi vyao, chakula cha nyumbani, wakaunganisha vipande vyao kuwa shamba moja lililoteremka ubavuni mwa mlima. Bado hakukuwa na ua hata moja, ni majani tu, mistari kwa mistari, na umande juu yake. Mama alisimama mikono kiunoni akingoja nisifie. Sehemu ya juu kabisa, iliyostawi kuliko zote, ilikuwa yake. Nikainama, nikageuza jani moja. Nikageuza la pili. Nikapita mstari kwa mstari nikigeuza mengine. Mistari ya chini ilikuwa ya kijivu, yenye manyoya, pareto isiyo na shaka. Ile ya juu yote, na mingine kadhaa katikati, ilikuwa kijani safi kama karoti.

"Mama," nikasema, "hii ya juu mmeitoa wapi?"

Akajibu kwa fahari. "Hiyo mimi mwenyewe nimetoa. Hii ingine ni ya shambani, kila kibarua anaweza kuchukua. Hiyo yangu nimetoa barazani kwa mzungu, mbele ya mlango wake kabisa. Wewe unafikiri mzungu anaweza kupanda mlangoni kwake kitu kibaya? Ile bora yote anaweka karibu na yeye."

Nimeishi miaka mingi na sijasikia kosa lenye akili zaidi ya lile. Ni nani kati yetu asiyeweka mbegu yake bora karibu na mlango, anapoweza kuilinda? Boga la mbegu, mahindi ya mbegu, mgomba wa kwanza, vyote hukaa ambapo mwenye nyumba anaviona akiamka. Mama alikuwa amempima mzungu kwa kipimo cha mkulima. Hakujua kwamba kuna watu wanaopanda mlangoni kitu kisicho na kazi yoyote, ili tu kitazamwe. Nyumba njema si mlango, wahenga walisema, lakini nani angedhani maneno hayo yanahusu maua? Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, kwa haraka, kama msichana aliyetoka mjini anavyosema: kwamba hiyo si pareto, ni Mke Mwenza, haina nguvu, na lazima ing'olewe kabla haijatoa ua, kwa sababu ikishachanganyika kikapuni hakuna atakayeitenganisha. Mama aliniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, akateremka mlima, akaniacha na umande wangu.

Ubaya wake ni kwamba kulikuwa na mtu wa kuja. Bwana shamba wa serikali, kijana Mwafrika aliyevaa soksi ndefu, alikuwa amepata habari za lile shamba, na badala ya kulishtaki alikuwa ameahidi kuja kulitazama maua yakifunguka. Akilikuta safi, angewasemea wapate kibali cha kuuza. Akilikuta limechanganyika, asingekuwa na la kusema, na mlowezi angepata ushahidi aliokuwa akiutafuta: hao watu kwao ua ni ua. Viazi vimekwisha kung'olewa, na njaa haingoji kibali. Jioni wanawake walikaa kwa Mama, na mimi na Sekela tulikuwa nje tukipepeta mahindi, tukasikia yote kupitia mlango. Mmoja alisema, "Huyu mtoto wa Iringa anataka tung'oe mali yetu kwa sababu ya rangi ya jani?" Mwingine akasema, "Hata watoto wa tumbo moja, huyu mweusi, huyu maji ya kunde, ni watoto tu." Wakacheka. Mama hakucheka. Nilisubiri anitetee, na hakunitetea, na nakiri machozi yalinitoka ndani ya ungo. Sekela akaacha kupepeta. "Gwe," akaniambia, "una hakika?" Nikamwambia nina hakika kama ninavyojua jina langu. "Basi usilie. Kesho sema tena."

Nikasema tena kesho yake, na keshokutwa, kisimani, kanisani, njiani. Niliwafuata na majani mkononi kama mwenda wazimu. Nilizomewa. Mtu mmoja alinimwagia maji ya kuoshea vyombo, akadai hakuniona. Kila nilipozomewa nilizidi kuwa mkaidi, na mpaka leo nashukuru kwamba sikupewa moyo wa upole. Kisha siku moja Mama alirudi kutoka kibaruani, akala ndizi zake, akanawa, akafungua fundo la kilemba chake. Mlikuwa na majani mawili. Akayaweka kwenye sahani ya bati mbele yangu. "Hili nimechuma shambani kwa mzungu, katikati, penye magunia," alisema. "Hili nimechuma barazani." Akayageuza yote mawili kwa kidole. Moja lilikuwa na majivu chini, jingine halikuwa nayo. Aliyatazama muda mrefu, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayetambua maiti. Nilitamani wakati ule niwe nimekosea.

"Nimemuuliza mpishi wao," alisema mwishowe. "Kwa nini hawachumi hii ya barazani? Amecheka sana. Amesema hiyo ni ya kuangalia tu." Akaisukuma sahani kando. "Waambie wenzako watang'oa. Lakini yangu asiguse mtu. Nitang'oa mwenyewe."

Akang'oa mwenyewe, mchana kweupe, ili kila aliyecheka aone. Alianza na mstari wa juu kabisa, mche baada ya mche, akiukung'uta udongo na kuurusha nyuma yake, na hakuinua kichwa. Wale wanawake walisimama ukingoni. Kisha yule aliyesema habari za watoto wa tumbo moja akafunga kanga kiunoni, akaingia mstari wa kati, akaniita, "Haya, mganga, njoo unionyeshe." Tukapita mstari kwa mstari, tumeinama, tukigeuza majani. Wachache walinibishia kwa mche huu au ule, na mara moja au mbili walikuwa wao wenye haki, kwa kuwa mche mchanga uliokaa kivulini huwa kijani hata ukiwa pareto. Kufika jua kuzama, nusu ya shamba ilikuwa kipara. Mama alikaa juu ya udongo wake mtupu akala kiazi cha kuchoma, na nilipomletea maji aliyapokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kwa mkubwa wake. Niliona aibu, nikatazama pembeni.

Baridi ya katikati ya mwaka ilipokuja, maua yalifunguka. Meupe, madogo, yamesimama juu ya vikonyo vyembamba, na ukiponda kitovu chake harufu yake inakupanda puani kama ugoro. Bwana shamba alikuja. Hakuwa mtu wa maneno. Alipita mistari yote, akageuza majani, nikafurahi kuona anajua pa kutazama, akauliza kile kipara cha juu ni cha nini. Mama akamwambia ukweli wote, pamoja na baraza. Akacheka, akamwomba radhi kwa kucheka, akasema, "Mama, nimekuta shamba safi. Nitasema nimekuta shamba safi." Siku ile tulikula kuku.

Maneno yake yalimfikia mlowezi kabla hayajafika kwa mwingine yeyote. Haikupita wiki, Mnyapara akatumwa. Alipanda mlima na vijana wawili wenye majembe, akasimama ukingoni chini ya shamba, na sisi tulikuwa katikati ya maua na vikapu vyetu. Alikuwa mzee mwenye heshima zake, na nadhani hakuipenda kazi ile, lakini aliisema yote: miche imetoka kwa bwana, ni mali ya bwana, amri ni kuing'oa leo, shamba zima, na asiyetaka apoteze na kibarua pia. Mama alinyoosha mgongo. Sauti yake ilitoka taratibu, na nilikuwa sijapata kuisikia hivyo. "Baba, kung'oa tumeshang'oa," alisema. "Ile ya barazani kwa bwana, yote tumeng'oa, angalia ile pale imekauka, mwambie aje achukue. Hii iliyobaki hatung'oi."

"Basi nitang'oa mimi," akasema Mnyapara, akachukua jembe kwa kijana, akainua mguu.

Hapo ndipo Sekela alipofanya alilofanya. Alikuwa mstari wa kati, nyuma yetu, na tangu sauti ya mzee isikike alikuwa amechutama amejifunika, kama ilivyompasa, na sote tulijua kwamba upenyo ukipatikana atakimbilia porini. Upenyo ulikuwepo. Badala yake akavuta kanga mpaka usoni, akampa mzee mgongo, akatembea kinyumenyume, amechutama hivyo hivyo, kati ya maua mpaka mstari wa kwanza kabisa chini, hatua chache kutoka kwenye jembe, akakaa chini. Wanawake wakashika vinywa. Kijana mmoja akamnong'oneza Mnyapara, "Mzee, huyo ni mkweo." Mguu wa Mnyapara ukarudi nyuma wenyewe. Akageuza uso haraka, akateremsha kofia machoni, na alisimama vile, akitazama bonde, jembe mkononi, mtu mzima aliyekabidhiwa amri mbili. Aliita akiwa ametupa mgongo, "Mtoeni! Mwambieni aondoke!" Hakuna aliyemwambia. Wale vijana hawakuingia bila yeye. Mama wa mmoja wao alikuwa nasi, ameshika kikapu, anamtazama. Mnyapara akajaribu kuzunguka upande wa juu. Sekela, akiwa bado amejifunika, hamwoni, akisikiliza nyayo tu, akainuka akapanda na mistari, akakaa huko. Mzee akasimama tena.

Alisimama mpaka jua likageuka. Najua alilokuwa anahatarisha Sekela: posa, jina lake, ng'ombe wa mama yake, na mchumba ambaye, nasema kwa kuwa naye ameshatangulia, alimpenda sana. Niliacha kikapu changu nikaenda kukaa karibu naye. Mikono yake, chini ya kanga, ilikuwa inachuma kwa kupapasa, ua baada ya ua, inadondosha mapajani. Chini kule nikasikia Mnyapara anawaambia vijana wake, kwa sauti ya uchovu, washike njia.

"Anaondoka," nikamwambia. "Uliogopa?"

"Naogopa bado," akasema ndani ya kanga. "Nisogezee kikapu."